Data za ubongo wa vijana: tatizo si kukosa skana, ni kuacha kurudi kwa mtoto yuleyule [UZI]

Takwimu_Kondele (mwenye uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Kuna swali ambalo wanafunzi wa uzamili wa hapa Kisumu, Maseno na Kakamega hawachoki kuniuliza: "Nataka kusoma ukuaji wa ubongo wa vijana, lakini MRI, yaani skana ya kupiga picha za ubongo, nitaitoa wapi?" Bei ya picha moja ya kichwa mnaijua, sina haja ya kuwatonesha kidonda.

Jibu langu ni kwamba huhitaji skana. Marekani kuna mradi wa kufuata ukuaji wa ubongo wa vijana unaitwa ABCD. Kati ya 2016 na 2018 uliandikisha watoto karibu 11,880 wa miaka 9 na 10 katika vituo 21, na nia ni kuwafuata kwa miaka kumi. Kila mwaka mtoto na mzazi wanahojiwa, na kila baada ya miaka miwili mtoto anaingia kwenye skana. Wamechukua mate, nywele, hata meno ya utoto yaliyong'oka. Kuna pacha zaidi ya 2,000 humo. Na mtafiti hatozwi hata senti, mradi taasisi yake itie sahihi mkataba wa matumizi.

Sasa malalamiko yangu. Rasimu nyingi zinazopita mikononi mwangu zina mwendo mmoja: mtu ameshusha faili, amechukua ziara ya kwanza peke yake, amepima uhusiano wa kitu fulani na unene wa gamba la ubongo, amepata nyota zake za umuhimu wa kitakwimu (alama kwamba matokeo si ya bahati tu), na kichwa cha kazi kinasema jambo hilo "linaathiri ukuaji wa ubongo". Ukuaji upi? Kila mtoto amemwona mara moja! Ukipima urefu wa watoto wa darasa zima asubuhi moja umejua nani mrefu, hujajua nani anakua.

Historia ya fani hii inatuonya. Mwaka 1999 kundi la Jay Giedd, katika taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili, lilichapisha picha za watoto na vijana 145, baadhi yao wakiwa wamepigwa zaidi ya mara moja. Walionyesha kwamba mada ya kijivu (tishu yenye miili ya seli za ubongo) katika sehemu ya mbele ya ubongo inaongezeka hadi kama miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, halafu inapungua. Kilima kile kiliingia kwenye vitabu vyote. Baadaye watafiti wengine walipochuja picha mbovu kwa ukali zaidi, sehemu kubwa ya ule mpando ikayeyuka, wakabaki na mteremko. Sababu? Mtoto mdogo hatulii ndani ya skana. Kichwa kikitikisika picha inafifia, na programu inahesabu mada ya kijivu pungufu kuliko iliyopo. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba anaonekana ana kidogo, wa kumi na mbili aliyetulia anaonekana ana nyingi, na wewe unaandika kwamba ubongo umekua. Mwaka 2022 zilikusanywa picha zaidi ya 120,000 za watu zaidi ya 100,000, kuanzia tumboni hadi uzeeni, na kilele cha mada ya kijivu ya gamba kikatua karibu na miaka 6. Si kumi na mbili.

Ndiyo maana nasema wingi wa data peke yake hautuokoi. Karibuni tujadili.

---

Nyota_ya_Kakamega

Nafuatilia. Naweka kambi hapa.

---

Japuonj_KSM

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, takwimu zangu ziliishia Kidato cha Nne, kwa hiyo nivumilie.

Kila tukiwa na semina tunaletewa mtaalamu wa ushauri nasaha anayesema mambo mawili. Moja, simu zinaharibu ubongo wa watoto. Mbili, ubongo haukomai mpaka miaka 25, kwa hiyo tusishangae wakichoma bweni. Hizo data kubwa zinasema hivyo kweli? Maana wazazi wanatuuliza sisi.

---

Takwimu_Kondele

Mwalimu, nianze na 25. Hakuna swichi inayowashwa siku ya kuzaliwa ya ishirini na tano. Katika zile picha laki moja na ushei nilizotaja, mada nyeupe, yaani nyaya zinazounganisha sehemu za ubongo, inafika kilele karibu na miaka 29. Mada ya kijivu ya gamba ilishaanza kupungua tangu utotoni. Kila sehemu ina ratiba yake, na watu wawili wa umri mmoja wanatofautiana sana. Anayekuambia namba moja ya mwaka anakupa kitu rahisi kubeba, basi. Na kuhusu mabweni, mimi ningeuliza kwanza chakula, mitihani na namna wanavyosikilizwa kabla sijaulaumu ubongo.

Simu. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichukua tafiti tatu kubwa za Marekani na Uingereza, vijana zaidi ya 355,000. Hawakuchagua njia moja ya kuchanganua. Walipitia maelfu ya njia ambazo mtafiti mwenye akili timamu angeweza kuzichagua. Matumizi ya vifaa vya kidijitali yalieleza asilimia 0.4 tu, kwa kiwango cha juu, ya tofauti za ustawi kati ya vijana. Kula viazi mara kwa mara kulikuwa na uhusiano mdogo unaokaribiana na huo. Viazi, mwalimu! Hakuna aliyeitisha semina ya viazi.

Lakini usiende kuwaambia wazazi kwamba simu haina neno. Utafiti ule ulipima ustawi, haukupima ubongo, na ni picha ya wakati mmoja. Haukuambii kama kijana mwenye huzuni ndiye anayekimbilia simu, au simu ndiyo inayomletea huzuni. Hapo unahitaji mtoto yuleyule, mwaka huu na mwaka ujao, na swali linabadilika. Huulizi tena kama wanaotumia simu sana wana huzuni kuliko wengine. Unauliza: mwaka ambao huyu mtoto ametumia simu kuliko kawaida yake mwenyewe, nini kilifuata? Maswali hayo mawili yanaweza kuwa na majibu tofauti kabisa kutoka kwenye data zilezile.

---

Section58_Nakuru

Nitakuwa mchokozi kidogo, mnisamehe.

Kwanza, watoto 11,880 ni wa Marekani, kila mmoja wao. Mizani, vipimo vya akili, maswali ya mapato, hata maana ya "mtaa wenye hatari", vyote vimetengenezwa kule. Mwanafunzi wa Njoro au Maseno akikaa miaka miwili akichanganua watoto wa San Diego, sisi tumepata nini? Makala moja na picha ya kuhitimu.

Pili, kwa sampuli ya ukubwa huo uwiano (kipimo cha uhusiano, 0 hadi 1) wa 0.03 unapata nyota mbili, na hauelezi hata asilimia 0.1 ya tofauti. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake waliunganisha ABCD na hazina nyingine mbili kubwa, watu kama 50,000, wakaonyesha kwamba uhusiano mwingi kati ya ubongo na tabia ni mdogo mno, wa kati ukiwa karibu 0.01. Tafiti za watu 25, ambazo ndizo zilizokuwa desturi, zilikuwa zinaokota bahati nasibu. Sasa kama wenye watu 25 walikuwa wanaota na wenye 11,000 wanapata chembe za vumbi, tunafanya nini hapa?

---

Takwimu_Kondele

Section58, uchokozi wako una mashiko, lakini soma Marek mpaka mwisho. Onyo lile ni la kulinganisha mtu na mtu. Wao wenyewe wanasema kwamba ukimlinganisha mtu na nafsi yake, kabla na baada, athari zinaweza kuwa kubwa na hata watu wachache wakatosha. Ndicho ninachopigia kelele tangu juu.

Kuhusu kwamba ni watoto wa Marekani, nakubali, na sitaki mtu aandike "vijana wa Kenya" chini ya jedwali la ABCD. Ila kuna jambo moja ambalo data zile zinaonyesha vizuri kwa sababu majimbo ya Marekani hayafanani. David Weissman na wenzake, 2023, walitumia watoto zaidi ya 10,000 kutoka majimbo 17. Watoto wa familia zenye kipato kidogo walikuwa na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ndogo kidogo kwa wastani. Lakini pengo hilo lilikuwa dogo zaidi katika majimbo yenye gharama kubwa ya maisha ambayo yanazipa familia maskini msaada mkubwa wa fedha. Siyo uthibitisho wa chanzo na tokeo, maana majimbo yanatofautiana kwa mengi. Lakini mtu wa Inua Jamii, mpango wa serikali yetu wa kuwapa wasiojiweza fedha, akisoma hilo hawezi kusema halimhusu.

Na tahadhari nyingine, ya uzito. Watu wameshawahi kuchukua hazina za namna hii na kulinganisha rangi za watoto, wakatangaza upuuzi. Nathaniel Harnett na wenzake walichambua watoto weusi na weupe wa ABCD, makala ikatoka 2023, wakaonyesha kwamba tofauti za maumbile ya ubongo zinaambatana na shida za utotoni, kipato cha nyumbani kikiongoza. Ukiona safu ya rangi kwenye faili, jua hiyo ni alama ya namna jamii ilivyomtendea mtoto. Usiitumie kama sababu.

---

Afisa_wa_Asembo

Mimi sina shahada ya takwimu. Miaka mingi nimekuwa afisa wa nyanjani, nimezunguka Asembo na Gem nikiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mnajua eneo hilo limekuwa likihesabiwa nyumba kwa nyumba tangu 2001, ziara baada ya ziara. Nimesoma uzi huu wote na kuna kitu mmekipita mbio: kumpata mtu mara ya pili ni kazi.

Nieleze inavyokwenda. Ziara ya kwanza unaandika jina. Ukiishia hapo umekwisha, maana kijiji kizima kina akina Otieno. Unaandika na jina la utani, jina la mama na kwao mama ni wapi, shule ya msingi, kanisa, jina la mzee wa kijiji, na nani atajua mtoto alipo kama mji ukihama. Namba ya simu unaandika, ila usiiamini. Laini inabadilishwa kama shati. Ukirudi baada ya miaka miwili unakuta boma limefungwa. Unaenda kwa jirani. Jirani anasema msichana ameolewa upande wa Mbita. Unaenda kwa shangazi yake, shangazi anataka kujua kwanza wewe ni nani na kwa nini unamtafuta binti wa watu. Unakaa. Unakunywa chai. Unaeleza upya. Kaka yake yuko Nairobi anaendesha bodaboda, na huyo utampata Jumapili tu.

Sasa niwaulize wenye hesabu: wale niliowakosa wanafanana na niliowapata? Hata kidogo. Niliowakosa ni walioacha shule, walioolewa mapema, waliofiwa na wazazi, na wale ambao mambo yamewanyookea wakahama. Mkinifutia hao kwenye jedwali na kusema "sampuli ya mwisho", mmenifutia hadithi yenyewe.

Nendeni mkaone Busia. Mwaka 1998 Michael Kremer na Edward Miguel walianza kutoa dawa za minyoo katika shule 75. Watoto wale wamefuatwa mpaka wakawa watu wazima, hata waliovuka kwenda Uganda walitafutwa. Baada ya miaka ishirini waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na matumizi ya nyumbani ya juu kwa asilimia 14. Watu wamebishana sana juu ya data zile, wengine wakazichanganua upya kuanzia mwanzo na kupinga baadhi ya hitimisho. Sawa, wabishane. Lakini wanabishana kwa sababu kuna mtu alipanda matatu kumtafuta mtoto yuleyule.

---

Nyota_ya_Kakamega

Afisa, heshima kwako. Hii post ingewekwa kwenye mtaala.

---

Takwimu_Kondele

Afisa, umesema nilichotaka kusema na umekisema vizuri kuliko mimi. Na ABCD wana tatizo lilelile kwa sura nyingine. Ukichuja watoto waliotikisika ndani ya skana, waliobaki si sampuli ileile. Wanaotikisika ni wengi zaidi miongoni mwa wadogo, wenye dalili za kukosa utulivu na wa familia maskini. Kwa hiyo kuna mtego pande zote mbili: ukiwaacha picha zinakudanganya, ukiwatoa watoto wenyewe wanakudanganya. Kinachowezekana ni kuonyesha wazi nani ametolewa, kuwapa uzito waliobaki wanaofanana nao, na kurudia uchanganuzi kwa viwango tofauti vya kuchuja.

---

Mama_wa_Manyatta

Mnaongea juu ya watoto kama magunia ya mahindi. Mimi ni mzazi. Wakija kwangu waseme mwanangu aingizwe kwenye mashine, achukuliwe mate na nywele, miaka kumi, mimi napata nini? Na nikikataa mwaka wa tatu? Huku mnajua uvumi unaoenezwa kila mara watu wa utafiti wakichukua damu.

---

Takwimu_Kondele

Mama, maswali yako ndiyo kamati ya maadili inapaswa kuuliza. Kule ABCD mzazi anatia sahihi, na mtoto mwenyewe anaulizwa na lazima akubali kwa upande wake. Kukataa mwaka wa tatu kunaruhusiwa, wakati wowote, bila adhabu. Picha za ubongo zinasomwa na daktari wa picha. Takriban mtoto 1 kati ya 5 alikutwa na kitu kisicho cha kawaida, kwa wengi wao kisichohitaji tiba, na penye haja familia iliarifiwa.

Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto, na kuna masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Mradi unaokuja Manyatta bila kukueleza data zitalala wapi na nani atazifungua, mwambie akanywe maji kwanza. Uvumi unaota pale ambapo watu walichukuliwa kitu na hawakurudishiwa jibu.

---

Nyota_ya_Kakamega

Sasa naomba tushuke chini. Nina laptopu ya kawaida na intaneti ya bando. Nianzie wapi?

---

Takwimu_Kondele

Peke yako huwezi. Anayeomba ni wewe, anayetia sahihi ni chuo. Tafuta ofisi ya utafiti ujue nani ana mamlaka ya kusaini kwa niaba ya chuo, maana hapo ndipo maombi yanapolala. Tangu 2025 data zinapitia hazina mpya ya ukuaji wa ubongo ya NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani. Aprili mwaka huo Marekani ilifunga milango kwa nchi kadhaa, Kenya haimo. Usishushe picha zenyewe, zitakula bando lako na la ukoo mzima. Chukua majedwali: unene, ujazo na eneo la kila sehemu vimeshahesabiwa. R, programu ya bure ya takwimu, itakutosha.

Ukifungua, fungua macho pia. Kila mstari si mtoto, ni ziara ya mtoto. Ukiunganisha faili mbili kwa namba ya mtoto bila jina la ziara, mistari itazaana. Halafu safu ya mapato ya familia: ina makundi 1 hadi 10, lakini ndani yake utakuta pia 777 na 999. Ya kwanza ni mzazi aliyekataa kujibu, ya pili ni asiyejua. Nimeletewa jedwali ambalo mwanafunzi alikokotoa wastani bila kuziondoa. Familia zilizokataa kusema mapato yao zikawa tajiri zaidi ya mara sabini kuliko kundi la juu kabisa, na umaskini ukageuka kuwa mzuri kwa ubongo. Matokeo yalikuwa na nyota tatu.

Usisahau namba ya familia, kwa sababu pacha na ndugu si watu wawili wasiohusiana. Weka na kituo, na skana iliyotumika: kuna Siemens, GE na Philips, na kituo kikibadilisha mashine au programu kati ya ziara, ubongo wa mtoto utaonekana umebadilika usiku mmoja. Korona nayo ilisimamisha ziara mwezi Machi 2020 katikati ya duru ya pili ya picha, kwa hiyo wengine walipigwa kabla na wengine baada, na umri umefungamana na janga. Na tafadhali usibandike mistari ya data hizo kwenye programu za akili bandia ili zikufanyie kazi. Umetia sahihi ya kuzilinda.

---

Japuonj_KSM

Mkuu, kabla hamjafunga. Usingizi je? Wetu wa bweni wanaamshwa saa kumi alfajiri.

---

Takwimu_Kondele

Hapo umegusa penyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Maryland walitumia watoto zaidi ya 8,000 wa ABCD. Waliwapanga wawiliwawili, mmoja anayelala chini ya saa tisa kwa usiku na mwenzake anayelala za kutosha, wanaofanana kwa mapato, jinsia na mengineyo. Wenye usingizi pungufu walikuwa na dalili zaidi za msongo na matatizo ya kufikiri, na tofauti zile zilikuwepo bado baada ya miaka miwili. Saa za usingizi zilitajwa na mzazi, zingatia hilo.

Lakini ona kinachobadilika ukivuka bahari. Kule mtoto anayelala kidogo mara nyingi ni wa nyumba yenye shida, kwa hiyo usingizi na umaskini vimeshikana na lazima uvitenganishe kwa hesabu. Bwenini kwenu mtoto wa mfanyabiashara wa Milimani na wa mvuvi wa Dunga wanaamshwa na kengele moja. Kengele inatofautiana shule kwa shule, si nyumba kwa nyumba. Kwa swali hilo sisi tuna nafasi ambayo ABCD hawana.

---

Section58_Nakuru

Hiyo sasa ndiyo kazi. Kwa hilo naondoa nusu ya uchokozi wangu. Nusu nyingine ni: bila skana, mtapima ubongo na nini?

---

Takwimu_Kondele

Hatuupimi. Tunapima umakini, kumbukumbu na hali ya moyo kwa vipimo vya kompyuta ndogo, wanafunzi walewale, kila muhula, tangu wanaingia Gredi ya 10 mpaka wanatoka, pamoja na vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa baadhi yao. ABCD inatusaidia kujua tutegemee athari ya ukubwa gani na tunahitaji shule ngapi. Neno "ubongo" hatuliweki kwenye kichwa cha kazi.

---

Nyota_ya_Kakamega

Mimi nalichukua hilo. Lakini wakihama shule?

---

Afisa_wa_Asembo

Siku ya kwanza andika kwao mama ni wapi. Fomu nitakutumia inboksi.